Safari ya mlimani na mtoto: Swali aliloulizwa mama getini Marangu

Kila Desemba ikiingia wiki ya tatu, barabara ya kutoka Chalinze kwenda Segera hugeuka mto wa magari. Wachaga wanarudi nyumbani. Noah zimejaa watoto, mabegi, ndoo za mafuta ya kula na vitenge vya bibi, na foleni huanzia Kibaha kabla hata hakujapambazuka.

Katika moja ya magari hayo walikuwamo baba, mama, watoto wao watatu na baba mdogo wa watoto hao, aliyepewa zamu ya usukani kuanzia Mombo. Wanaishi Kimara, Dar es Salaam. Safari hii ratiba ya sikukuu ilikuwa na jambo jipya. Baada ya kumsalimia bibi na kulala, kesho yake wangeingia Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro kupitia geti la Marangu, watembee msituni hadi kwenye vibanda vya Mandara, wale chakula walichobeba na kurudi jioni.

Baba alizaliwa Marangu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1973, kabla yeye hajazaliwa, na utoto wake wote aliwaona wageni wakipita na fimbo zao za kupandia. Lakini alifikisha miaka 41 hajavuka geti. Wapo wengi wa namna hiyo. Mlima ni wa kwao, picha yake imetundikwa sebuleni, ila kuingia ndani wanaona ni mambo ya watalii, wakati kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na anacholipa mgeni.

Aliyeisubiri safari kuliko wote ni mtoto wa pili, mvulana wa miaka 11. Mwenzake darasani alishafika Mandara, akarudi na picha ya mbega mwenye mkia mrefu mweupe, na muhula mzima hakuna aliyepumzika na habari za mbega huyo. Kwa hiyo mvulana aliamka wa kwanza, akavaa viatu, akakaa garini peke yake akiwasubiri wengine.

Getini walipangiwa mwongoza wageni, kijana mpole asiye na maneno mengi. Alipokea shikamoo za watoto, akakagua viatu vya kila mmoja, kisha akauliza swali ambalo huwauliza wote anaowapandisha.

"Kuna mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa au selimundu?"

"Hapana kaka, sisi wote wazima," alijibu baba mdogo, tayari amebeba begi la chakula.

Baba alimtazama mama. Mama alitazama chini, kisha akamshika mwanawe bega. "Huyu," alisema. "Huyu ana selimundu."

Baba mdogo aliligeukia lile bega kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Miaka 11 amemjua mtoto huyo, amembeba, amemnunulia viatu vya shule, na hakuwahi kuambiwa.

"Umefanya vizuri mama kusema hapa," kijana alisema. "Kuna wanaotuambia kule juu."

Maji yaliyozuiwa Chalinze

Kilichompata mtoto huyo hakikuanzia getini. Kilianzia barabarani, siku moja kabla, na katika hilo familia hii haiko peke yake.

Kutoka Dar es Salaam hadi Marangu ni zaidi ya kilomita 500. Kwa dereva anayetaka kufika mchana, kila kusimama ni hasara: anapitwa na malori aliyokwishayapita, foleni inakua, na ukijaribu kufidia muda unakutana na askari mwenye tochi. Hapo ndipo wazazi wengi hutumia mbinu waliyorithi kwa wazazi wao. Watoto hawapewi maji. Wanalowesha midomo tu, ili wasisumbue kila baada ya nusu saa wakitaka kuchimba dawa. Baba wa familia hii alitangaza hilo mapema kabisa, wakiwa Chalinze: tutasimama Mombo, tutasimama Same, basi. Chupa kubwa ya maji ikawekwa miguuni kwa mama, mbali na mikono ya watoto. Soda walinunuliwa, chupa moja moja, ya kunywa taratibu.

Kwa mtoto mwenye afya, siku moja ya namna hiyo huishia kwenye kichwa kuuma na mkojo wa rangi ya chai. Si jambo zuri, lakini hupita. Kwa mtoto mwenye selimundu ni suala jingine kabisa.

Chembe nyekundu za damu ndizo zinazobeba oksijeni. Za mtu wa kawaida ni duara na laini, hupenya kwenye mishipa myembamba bila shida. Za mwenye selimundu zina kasoro aliyozaliwa nayo: oksijeni ikipungua, zinakakamaa na kupinda mfano wa mundu, na hapo ndipo jina la ugonjwa lilipotoka. Chembe zilizopinda hushikana, hukwama, na sehemu ya mwili iliyo mbele yao hukosa damu. Maumivu yake huwa ya mifupa, mgongo, kifua au tumbo, na watu wazima wanaoyapata husema hawana cha kuyalinganisha nacho. Mwili ukikauka maji, damu huwa nzito na chembe hukwama kwa urahisi zaidi. Baridi nayo hubana mishipa. Uchovu, homa na maambukizi vyote husukuma upande huohuo.

Sasa hesabu safari ya kwenda mlimani. Saa 12 garini bila maji ya kutosha. Usiku wa baridi ambao mwili uliozoea joto la Dar es Salaam haukuutarajia. Usingizi mfupi. Kisha kupanda kwa miguu kuelekea kwenye hewa yenye oksijeni kidogo. Ukitaka kumpa mtoto wa selimundu kila kitu anachokatazwa, huhitaji kutunga orodha nyingine.

Usiku ule walipofika kwa bibi, mvulana alisema miguu inamuuma. Mama alimkanda kwa maji ya moto, akampa paracetamol na maji ya kunywa, akamfunika mablanketi mawili. Alijiambia ni kukaa sana garini. Asubuhi maumivu yalikuwa yamekwisha, na mtoto alikuwa anaruka.

Hewa ya mlimani ikoje

Watoto wenyewe walikwishaiona bila kujua wanachokitazama. Pakiti ya kripsi iliyonunuliwa Mbezi ikasahaulika chini ya kiti ilikutwa getini imevimba kama puto. Mtoto wa mwisho, msichana wa miaka 6, alidhani imeharibika.

Pakiti haikuharibika. Ilifungwa kwenye mwambao, ambako hewa inagandamiza kwa nguvu. Geti la Marangu liko mita 1,870 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Hewa ya ndani ya pakiti inapata nafasi ya kutanuka. Mandara, kwenye mita 2,720, mgandamizo unashuka hadi chini kidogo ya robo tatu. Kileleni Uhuru, mita 5,895, unabaki karibu nusu. Oksijeni bado ni sehemu ileile ya hewa, moja ya tano, ila kila pumzi inavuta hewa chache.

Mwili wa mtoto mwenye afya hufidia. Anapumua haraka zaidi, moyo unakwenda mbio kidogo, na baada ya siku chache damu yenyewe inabadilika. Matatizo ya mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 kwenda juu, na mara nyingi hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, hasa mtu akilala huko. Ndiyo maana kwenda Mandara na kurudi siku hiyohiyo ni safari ambayo watoto wengi wenye afya huimudu. Kulala huko na mtoto mdogo, au kuendelea hadi Horombo kwenye mita 3,720, ni uamuzi mwingine unaohitaji mazungumzo mengine. Na kileleni watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kupanda.

Shida ya watoto wadogo ni lugha. Mtu mzima atasema kichwa kinamgonga na chakula hakimwendi. Mtoto wa miaka 4 atalialia, atakataa biskuti anayoipenda, atatapika, hatataka kucheza, na mzazi atasema ana deko. Mlimani, mtoto aliyebadilika tabia achukuliwe kuwa anaumwa mpaka ithibitike vinginevyo, na dawa ya kwanza ni kuacha kupanda. Asipopata nafuu, anashushwa. Akiyumba anapotembea, akiongea visivyoeleweka, au akihema sana hata akiwa amekaa, hakuna kusubiri nafuu wala asubuhi. Anashushwa saa hiyohiyo.

Mwenye selimundu hana nafasi ya kufidia kama wengine. Madaktari wengi huanza kuwa na wasiwasi juu yake mwinuko unapokaribia mita 2,000, maana yake hata geti lenyewe liko karibu na mstari huo. Hii haina maana kwamba hawezi kuishi Moshi au kumtembelea bibi Marangu. Wanaishi huko, wanasoma huko. Ina maana kwamba kupanda zaidi kwa miguu, huku anatoa jasho kwenye baridi, si uamuzi wa kuufanya baba na mama peke yao.

Mama wa mvulana huyu alikuwa kliniki wiki 2 kabla ya safari. Alichukua dawa zake zote. Hakuitaja safari. Daktari hakuuliza, naye aliogopa kwamba akiuliza atakataziwa, na mtoto alikwishaahidiwa. Wazazi wengi wenye watoto wanaoishi na ugonjwa wa kudumu watamwelewa. Mtoto amekosa mengi: mechi za shule, kuogelea, kambi ya skauti. Unatamani kitu kimoja tu ambacho kisianze na neno hapana.

"Hata mpaka kwenye ule mti?" mvulana aliuliza getini, akionyesha mti wa kwanza ng'ambo ya kizuizi.

Baba alimwangalia mwongoza wageni. Walivuka wote, wakaenda hadi kwenye ule mti, wakapiga picha, mvulana na mama yake wakarudi.

Msituni

Waliobaki walipanda. Njia ya Mandara ina urefu wa kilomita 8 hivi, ndani ya msitu mnene unaonyesha upande huu wa mlima, na kwa mwendo wa familia huchukua saa 3 hadi 4. Ukungu huingia na kutoka. Mbega wapo, na kima, na kwa bahati familia iliwaona wote kabla ya saa 5. Baba alisema baadaye kwamba kila alipopiga picha alijisikia anaiba.

Robo tatu ya njia, yule msichana wa miaka 6 alinyamaza. Alikuwa akiimba tangu getini. Sasa alitembea ameinamisha kichwa na midomo imepauka. Baba mdogo alitaka waendelee. Ilibaki nusu saa tu, na yeye angembeba. Mwongoza wageni alikataa. Aliwasimamisha, akamgusa mtoto mikono, kisha akauliza nguo zake kavu ziko wapi.

Hazikuwapo. Mtoto alikuwa amevaa suruali ya jinsi na fulana ya pamba, sweta amefungiwa kiunoni, vyote vimelowa umande na manyunyu. Pamba ikilowa inanyonya joto la mwili badala ya kulihifadhi, na mtoto mdogo hupoa haraka kuliko mtu mzima. Dada yake mwenye miaka 14 alivua sweta lake la ndani, likawa gauni. Alipewa chai ya tangawizi kwenye chupa, ndizi na andazi. Baada ya dakika 20 aliuliza mbega wamekwenda wapi.

Haukuwa ugonjwa wa mwinuko. Ilikuwa baridi na njaa. Lakini pale njiani hakuna aliyekuwa na haja ya kulijua jina lake ili afanye jambo sahihi, na kijana yule alifanya lile linalofaa kwa yote mawili: alisimama. Walifika Mandara wakiwa wamechelewa saa moja. Kasoko ya Maundi, ambayo iko karibu tu, waliiacha. Mzazi anayejiandaa kwenda huko na akumbuke hili kuliko mengine yote kuhusu begi: nguo kavu za kubadili za kila mtoto, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Sweta za sufu za mitumba hufanya kazi nzuri tu.

Maji ya baridi

Wakati hayo yanatokea juu, chini nyumbani kwa bibi mambo yalikwenda vibaya.

Mama alirudi na mwanawe kwa bajaji. Bibi aliuliza mbona wamerudi, naye akajibu kwamba mtoto alichoka kidogo miguu. Alikuwa amelisema neno lile mbele ya mgeni getini; mbele ya mama mkwe lilimshinda.

Sababu yake ni ya zamani. Mtoto alipogunduliwa akiwa na miezi 9, baada ya vidole vya mikono na miguu kuvimba na macho kugeuka manjano, baba yake alimpigia simu dada yake mmoja. Jibu alilolipata ni kwamba ugonjwa huo kwao haupo, huo ni wa kanda ya ziwa, umetoka kwa mke. Mama anatoka Mwanza. Tangu siku hiyo wawili hao walikubaliana kwamba nyumbani hakuna kusema. Sikukuu 10 zimepita mtoto akiitwa dhaifu, mlegevu, mtoto wa mjini.

Dada yule alikuwa na nusu ya ukweli. Selimundu imeenea zaidi sehemu zenye malaria nyingi, kwa sababu mtu aliyerithi vinasaba hivyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo ni kweli kwamba kanda ya ziwa na pwani zina wenye vinasaba hivyo wengi kuliko milimani kwenye baridi. Lakini mtoto haugui mpaka arithi kwa baba na kwa mama. Hakuna njia nyingine. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, na mtoto huyo ni ushahidi wa pande zote mbili. Inakadiriwa Tanzania huzaliwa watoto takribani 11,000 wenye selimundu kila mwaka, moja ya idadi kubwa kuliko zote duniani. Ugonjwa wenye watoto wengi hivyo hauna ukoo.

Mchana ule binamu walimchukua mvulana kwenda mtoni. Marangu maji ni mengi. Mito inashuka kutoka msituni, na maporomoko kama ya Kinukamori yanajulikana na watalii. Watoto wa pale wamezoea kuogelea kwenye maji hayo tangu wadogo. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori. Bibi aliwaruhusu. Angekuwa na sababu gani ya kuwakatalia?

Mvulana aliyekatazwa mlima asubuhi hakutaka kukatazwa na mto mchana. Aliingia na binamu zake, akakaa humo nusu saa, akatoka anatetemeka na kucheka. Saa 11 jioni, baba na wenzake wakiwa ndiyo kwanza wanashuka kutoka mlimani, mvulana alikuwa amejikunja kitandani kwa bibi, ameshika mapaja, halii, anauma shuka.

Bibi alisema ni baridi, apakwe dawa ya kuchua. Hapo mama akamwambia. Alimwambia yote, amesimama mlangoni, kwa sentensi chache, na kumalizia kwamba anahitaji gari la kumpeleka hospitali.

Bibi hakusema lolote la ukoo. Aliita jirani mwenye gari.

Hospitalini alitundikiwa dripu, akapewa dawa ya maumivu yenye nguvu kuliko paracetamol, akapimwa wingi wa damu, oksijeni na malaria. Hilo la mwisho hufanywa kwa mtoto yeyote anayetoka Dar es Salaam akaugulia mlimani. Mbu aliyemuuma nyumbani Kimara anaweza kumlaza Marangu. Hakuwa na malaria wala homa. Maumivu yalianza kulegea alfajiri. Alilala hapo siku 2.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii anajua kwamba maumivu madogo huanza kutibiwa nyumbani kwa maji mengi, joto na dawa aliyoandikiwa. Barafu na maji baridi ni mwiko. Ila safarini mpaka wa kukimbilia hospitali uwe karibu zaidi kuliko nyumbani: homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kifua kuuma au kuhema kwa shida, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto ambako ndiko bandama iliko, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, kuongea kwa kigugumizi ambacho hakikuwapo, au uume kusimama kwa maumivu muda mrefu, jambo ambalo wavulana huona aibu kulisema na inabidi waulizwe. Na kabla ya kuondoka nyumbani, hospitali iliyo karibu na mnakofikia iwe imejulikana, pamoja na anayeweza kutoa gari usiku.

Asubuhi ya siku ya pili, bibi alikuja wodini na chupa ya mtori. Alikaa pembeni ya kitanda akamwangalia mjukuu anavyokula.

"Kwa nini hukuniambia mwanangu?" alimuuliza mama. "Ningewazuia wale watoto."

Mama hakujibu, na bibi hakurudia swali. Alichouliza baada ya hapo ni mambo ya kazi: ale nini, asile nini, maji ya kuoga yawe ya joto kiasi gani, na kama akija likizo ya Juni peke yake, dawa zake atazitoa nani. Juni ndio mwezi wa baridi Kilimanjaro. Walikubaliana aje Desemba.

Kurudi

Waliondoka Marangu tarehe 29. Baba mdogo alikuwa nyuma ya usukani, baba pembeni yake, mama na watoto nyuma. Kila mtoto alikuwa na chupa yake ya maji, lita moja na nusu, na ya mvulana iliandikwa jina kwa kalamu ya wino. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile hadi walipoipita Himo, mweupe juu, na kwa muda hakuna aliyezungumza.

Karibu na Same baba mdogo alishusha sauti ya redio.

"Hicho kipimo," alimuuliza shemeji yake, akimtazama kwenye kioo, "mtu mzima naye anapimwa?"

"Anapimwa. Damu kidogo tu."

"Na mjamzito?"

"Naye shemeji. Ila wewe kapime kwanza. Wewe ukiwa huna, wasiwasi unaisha."

Mke wake alikuwa na mimba ya miezi 5. Baba mdogo ni ndugu wa damu wa baba. Ikiwa kaka yake anabeba vinasaba hivyo, naye anaweza kuwa navyo asijue, kwa sababu mbebaji haumwi. Yeye angeweza kupanda Mandara mara 10 asisikie chochote. Ila kwenye mwinuko mkubwa, wachache kati ya wabebaji wamewahi kupata maumivu makali ya bandama, ndiyo maana hata wao wanaotaka kwenda kileleni hushauriwa wajue hali zao.

Alisema atakwenda Jumatatu. Kisha akauliza kama majibu huchukua muda gani, na kama mtoto akizaliwa anapimwa akiwa na umri gani, na mama alimjibu, mwishowe alikuwa amesogea katikati ya viti viwili vya mbele wakizungumza kama watu waliokutana jana.

Kabla ya Mombo mvulana aliinua chupa yake kuonyesha imefika nusu.

"Baba, nataka kuchimba dawa."

Ilikuwa mara ya tatu tangu Himo. Baba mdogo alikwisha kuwasha indiketa.